Matembezi ya jioni ya kula na kunywa Mikindani: nani amewahi kutembezwa hivyo Japani?

Kijana wa Mikindani

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Natembeza wageni Mikindani, huu mwaka wa nne. Kazi yangu yote ni ya mchana. Naanzia Boma la Mjerumani, lile la 1895, tunateremka kwenye nyumba za mawe, nawasimulia habari za Livingstone aliyepita hapa mwaka 1866 akielekea bara, tunamalizia ufukweni kwenye mitumbwi. Jua likianza kupoa mgeni ananipa changu, anapanda bajaji kurudi Mtwara mjini kula chipsi kuku hotelini. Chipsi! Na hatua kumi kutoka iliposimama bajaji kuna mama anageuza pweza kwenye karai.

Mwezi uliopita nilimpata mgeni mmoja, mama mtu mzima, ambaye kabla ya kuja huku alipitia Japani, mji unaitwa Takayama. Anasema huko jioni kuna mtu anawachukua wageni sita hivi, anawapitisha mitaa ya kale, wanaonja hapa, wanakunywa kidogo pale, wanaingia vichochoro ambavyo peke yao wasingethubutu, na saa mbili usiku kila mtu anarudi kulala ameshiba. Akaniuliza, "Nyinyi mbona hamna?" Nikabaki natazama viatu vyangu.

Nimeandika orodha. Vituo vinane: kahawa na kashata, ming'oko (vile viazi vya porini), bagia, pweza, mishkaki, samaki wa kuchoma, korosho, na mwisho uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho, au tembo la mnazi kwa anayetaka. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Bei nafikiria elfu hamsini kwa kichwa.

Nauliza kwa aliyewahi kwenda huko, Takayama au mji mwingine wa Japani: wanafanyaje hasa? Mwenye mgahawa analipwaje? Asiyekunywa pombe anafanywaje? Na je, orodha yangu ina akili au nimeota?

Mama Korosho

Mdogo wangu, marahaba. Mimi mzaliwa wa Shangani, hapa hapa Mtwara. Tuna kikundi cha akina mama, tunabangua korosho na kufungasha. Mwaka 2019 nilibahatika kupelekwa Japani kwa mafunzo ya usindikaji, nikakaa Nagoya miezi minne. Mwisho wa Oktoba tukapewa siku tatu za kupumzika. Mimi, Mganda mmoja na kaka mmoja wa Pemba, ile Pemba ya Msumbiji, tukapanda treni kwenda Takayama. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, treni inafuata mto, inapanda milima mpaka masikio yanaziba. Matembezi hayo niliyafanya. Yen elfu kumi na mbili, laki mbili na ushee za kwetu, nikalipa huku naugua.

Kuna jambo mgeni wako hakukuambia. Takayama usiku ni kimya kama Mikindani, pengine zaidi. Mtaa wa kale unaitwa Sanmachi, nyumba za mbao nyeusi zimebanana bega kwa bega, na maduka yake mengi saa kumi na moja jioni yamefungwa. Giza likiingia unaona vipande vya mwanga nyuma ya papi za mbao, basi. Mgahawa ukiwa wazi umetundika pazia fupi mlangoni, ukifungwa pazia linaingizwa ndani. Hakuna menyu nje, hakuna anayekuita "karibu mteja". Sasa wewe mgeni, husomi maandishi, utajuaje kama pale ni kwa kula au ni sebuleni kwa mtu? Chakula tungejipatia wenyewe. Tulichokosa ni mtu wa kutupigia hodi, na ile laki mbili ndiyo ilikuwa bei ya hodi.

Yule kijana aliyetutembeza alikuwa na namna yake. Akifika mlangoni hatusimami naye. Anatuacha hatua tano nyuma, anainua pazia kwa mgongo wa kiganja, anaingiza kichwa tu, anasema maneno mawili matatu, anasubiri. Kisha anageuka na kutuita kwa mkono. Kila mlango hivyo hivyo, hata ambapo mchana alishapiga simu na viti vinajulikana ni vyetu. Nilimuuliza kwa nini asiingie moja kwa moja. Akasema nyumba si yake.

Vituo vilikuwa vinne tu. Cha kwanza kiwanda cha pombe ya mchele, na tulianza saa kumi na nusu kwa sababu wanafunga mapema. Juu ya mlango limening'inia tufe la majani ya mti wa sugi, kubwa kama kapu la dagaa. Hulitundika likiwa kijani wanapokamua pombe mpya wakati wa baridi, halafu linakauka lenyewe mwezi baada ya mwezi, na mpita njia akitazama juu anajua pombe imefikia wapi. Sisi Oktoba tulilikuta kahawia kama makumbi ya nazi.

Hapo ndipo mtu wa usindikaji nilipoamka. Mchele hauna sukari ya kuchacha, una wanga. Kwetu pombe ya mtama kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari inafanywa na kimea. Wao wanatumia ukungu unaoitwa koji, wanaupanda kwenye wali uliopikwa kwa mvuke, ukungu unaugeuza wanga kuwa sukari, hamira inageuza sukari kuwa kileo, na yote mawili yanaendelea ndani ya pipa moja kwa wakati mmoja. Ikifika kwenye chupa huwa na kileo cha asilimia kumi na tano, kumi na sita hivi. Desemba 2024 nikasikia UNESCO wameuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi, nikawaambia wenzangu kikundini nimeuona kwa macho, wakasema Mama Korosho umeanza. Mabibo yetu hayahitaji ukungu wala kimea, sukari yamekuja nayo toka mtini. Hilo mwambie mgeni wako akifika kwenye uraka, atakuheshimu.

Mimi sinywi. Nilimwandikia kabla: hakuna pombe, hakuna nguruwe. Wenzangu walipewa vikombe, mimi nikaletewa amazake, kinywaji cha mchele na koji hiyo hiyo kabla haijawa kileo. Ladha yake kama uji wa mchele uliotiwa sukari, hivyo hivyo, unywe ukiwa wa moto. Na aliniambia wazi kwamba ipo amazake nyingine ya makapi ya pombe, ile ina kileo kidogo, ndiyo maana alichagua ya koji. Hakuniuliza kwa nini sinywi. Sikuachwa nimeshika glasi ya maji wenzangu wakisifia ladha. Hapo ndipo jibu la swali lako la asiyekunywa: naye awe na chake, chenye hadithi yake. Wewe una madafu, una kahawa ya tangawizi, una juisi ya mabibo iliyokamuliwa asubuhi hiyo hiyo. Soda usimpe.

Kituo cha pili cha haraka, vidonge vya unga wa mchele kwenye kijiti, vimechomwa na kupakwa sosi ya soya, havina sukari kabisa. Tukala tumesimama pale pale kwa muuzaji. Nikataka kuondoka natafuna, kijana akaniomba nimalize kwanza. Kutembea huku unakula si adabu kwao. Nikamkumbuka marehemu bibi yangu, angemkubali huyu kijana.

Cha tatu ndicho nilichokiota miezi. Chumba kidogo, tumekaa kwenye mkeka viatu mlangoni, kila mtu mbele yake seredani ndogo ya udongo yenye makaa mawili matatu. Juu ya makaa jani kavu, pana kama sahani, na juu ya jani miso, rojo zito la soya iliyochachushwa, na vitunguu vya majani na uyoga. Jani linaanza kuungua pembeni, rojo inatokota katikati, moshi wenyewe unanukia kama mtu anachoma majani ya mgomba mvua imetoka kunyesha. Unachota kidogo kwa vijiti na wali. Halafu wakaleta nyama ya ng'ombe wa Hida, ndilo jina la eneo lote lile, mafuta yamepita ndani ya nyama kama mistari ya marumaru, vipande vinne kwa mtu. Vinne! Kwa bei ile nilitaka kulalamika, ila cha tatu nilikuwa tayari nimetosheka.

Na hapo nikaharibu. Kaka wa Msumbiji kipande chake kilianguka kwenye majivu, nikamwonea huruma, nikachukua changu kwa vijiti na kumnyooshea, naye akakipokea kwa vijiti vyake. Mwenye nyumba alikuwa anamimina chai, mkono ukasimama hewani. Kijana wetu hakusema neno, alisogeza kisahani kidogo katikati yetu, kama mtu anayepisha chumvi. Tulipotoka, tumesimama kwenye daraja jekundu la mto Miyagawa, ndipo akatueleza: mtu akichomwa maiti, jamaa huokota mifupa kwa vijiti na kupokezana kijiti kwa kijiti. Ni msibani tu. Nilitamani kurudi kuomba radhi, akasema mama ameshajua hamkujua. Angalia alivyofanya: aliokoa palepale kwa kisahani, maelezo akayaweka nje, mbali na mwenye nyumba.

Hadithi zake zote zilikuwa za nje, njiani. Chini ya paa moja alituonyesha viungio vya mbao visivyo na msumari, akasema zamani za karne ya nane watu wa Hida walisamehewa kodi kwa sharti la kupeleka mafundi seremala kujenga mahekalu na majumba ya mji mkuu. Nikamwambia kwetu tuna Wamakonde na mpingo, akataka picha, nikamwonyesha kinyago kwenye simu. Kwingine alisimama kwenye kona akatuambia mji huu hauna bahari, samaki wa sikukuu ya mwaka mpya alitoka Ghuba ya Toyama ametiwa chumvi, akabebwa na watu milimani. Mimi mtu wa Shangani, nimelelewa na samaki anayeruka ruka kwenye ndoo, nikawahurumia kweli.

Cha nne kichochoro, kibaa cha viti sita. Tulikuwa wanne pamoja na mtembezaji, kwa hiyo tulikaribia kukijaza. Kaka wa Msumbiji akawekewa glasi ndani ya kisanduku cha mbao, mwenye baa akamimina mpaka ikafurika na kujaa kisanduku. Kwetu ungedhani amekosea. Ni nyongeza ile, kama mama wa dagaa anavyokutupia gao la mwisho. Kila aliyeketi pale huletewa kisahani kidogo ambacho hakuagiza, na hulipiwa. Wageni wengine hugombana kwa hicho, sisi tulishaambiwa njiani kuwa kimo ndani ya bei yetu.

Sasa malipo, ulikouliza. Sikuona pesa ikitolewa usiku ule mahali popote. Nilimchokonoa, akasema anapiga simu mchana: watu wangapi, nani hali nini. Anaandika kwenye daftari, analipa mwisho wa mwezi. Mgeni asipotokea, mwenye mgahawa analipwa kama kawaida, hasara ni ya mtembezaji. Ndiyo maana siku nyingine akiomba viti sita vya haraka anapewa.

Orodha yako ina akili lakini ina pupa. Vituo vinane kwa saa tatu ni dakika ishirini na mbili kila kimoja, na humo humo mnatembea. Kwa mama pweza kunawa mikono tu watu sita ni dakika tano! Chagua vinne. Mishkaki toa, mishkaki ipo kila mahali. Ming'oko usiitoe hata kwa kuombwa, hiyo mgeni haipati kwingine. Na beba birika lako, sabuni na taulo safi. Kule kila unapokaa unaletewa kitambaa cha moto cha mikono kabla ya neno lolote.

Njomba wa Newala

Mama Korosho ameandika mpaka nimeona njaa, na bado niko shambani.

Mimi nasemea uraka. Anjomba, usiupeleke Mikindani. Kwanza uraka una msimu wake, korosho zikianza kudondoka, kama Septemba mwishoni mpaka Desemba. Sasa Machi utampa mgeni nini? Pili uraka haupendi safari. Wa leo mtamu, wa kesho mkali, wa keshokutwa mwachie mwenyewe. Ukiufunga kwenye dumu na kuupandisha bodaboda toka huku mpaka pwani, unafika umekasirika.

Uraka unanyweka chini ya mkorosho, mabibo yako miguuni, kuna mzee anayekamua na wajukuu wanaotenganisha korosho pembeni maana ndiyo pesa. Fanya safari nyingine ya mchana, ya msimu, iite ya korosho. Na nipa usiiguse hata mgeni akililia. Ile imechemshwa, ni gongo tu kwa jina la kwetu, na gongo sheria inaikataza. Utaharibu kazi yako kwa kikombe kimoja.

Mzee wa Barazani

Marahaba vijana. Mimi sikwenda Japani wala sitakwenda, lakini Mikindani naijua, nimeoa huko.

Mwanangu, saa kumi na moja hadi saa mbili usiku umepitia magharibi na isha. Umelipanga hilo? Mama wa pweza na mwenye kahawa wengine wanafunika biashara wakaswali. Mgeni atakuta karai limefunikwa na kigoda kitupu, wewe utakuwa unatoa maelezo hewani. Panga magharibi iwakute mnatembea ufukweni, jua linazama, mtazame maji. Hakuna atakayejua kuwa mnasubiri.

Tembo la mnazi sisemi hakuna. Lipo na wanywaji wanajulikana. Ila usilipitishe barazani kwa wazee na kundi la wageni wenye kamera. Anayelitaka ana mahali pake, nje ya mji mkongwe, mwisho wa safari, wasiotaka wameshapanda bajaji. Na kabla ya yote nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, keti, ueleze. Usipeleke karatasi, nenda wewe. Leseni ya utalii nayo uwe nayo, ile watu wanayoiita TALA, maana ukitembeza usiku ndiyo watu watakuuliza.

Kijana wa Mikindani

Mzee shikamoo, na asante. La magharibi lilinipita kabisa, naona aibu.

Dada Mama Korosho, swali moja dogo: wageni wangu wengine wanakuja na pikipiki za kukodi. Huko wanafanyaje na kinywaji?

Mama Korosho

Aliuliza kabla hatujaanza kutembea: nani amekuja na gari, nani amekuja na baiskeli. Baiskeli pia! Japani kileo na usukani havikai pamoja, na aliyempa dereva pombe naye anaingia kwenye kosa. Aliuliza na umri, maana kwao ni miaka ishirini. Wewe mwenye pikipiki mwambie aiache alikolala, nauli ya bajaji iingize kwenye bei. Elfu hamsini yako itapanda kidogo, na ipande.

Na mama wa pweza umemuuliza? Usiniambie umepanga kila kitu, yeye hajui.

Kijana wa Mikindani

Nimetoka kwake sasa hivi, dada. Nilimkuta anapiga pweza kwenye jiwe. Nikamweleza yote, watu sita, mara mbili kwa wiki. Akaendelea kupiga. Nikadhani hajanisikia. Halafu akauliza, "Asiyekula pweza, kipande chake nani analipa?" Nikasema mimi. Akauliza, "Hata asipokuja?" Nikasema hata asipokuja. Akaniambia nimletee wa kwanza Jumamosi, lakini wasimpige picha akiwa na kanga ya kazini, atavaa nyingine.

Basi Jumamosi hii najaribu. Vituo vinne: kahawa na kashata kwa yule mzee wa karibu na msikiti, ming'oko, magharibi tuko ufukweni, pweza, na mwisho samaki wa kuchoma kwa shemeji yangu ambaye ana mikeka. Madafu kwa wote. Sina wageni bado, kwa hiyo natafuta watu sita wa Mtwara waje kwa gharama ya chakula tu, wanisahihishe. Bajaji zitaondoka stendi saa kumi na robo.

Mama Korosho

Weka mimi na mume wangu. Yeye pweza hali, mwambie mama mapema.

Njomba wa Newala

Na mimi. Nakuja na korosho za kukaanga, ila uraka nauacha nyumbani, Mzee wa Barazani asinitazame hivyo.